Naombeni ushauri: wasifu wa bibi yetu, mwaka wa kuzaliwa haujulikani na idadi ya watoto inabishaniwa

Mjukuu wa Chamwino:
Mbukwenyi wakuu. Bibi yetu mzaa baba alitutoka mwezi wa nne huku kijijini, upande wa Mvumi. Jumamosi ya wiki ijayo tuna ibada ya shukrani na kuweka msalaba. Ukoo umenipa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu kwa kuwa mimi ni mwalimu, na nimekaa na karatasi siku ya nne sasa. Nimekwama mahali pawili.

Kwanza mwaka. Kitambulisho chake kinasema 1 Julai 1940, na sote tunajua si kweli, aliandikiwa tu siku ya kujiandikisha maana hakuwa na cheti. Bibi hakuhesabu maisha yake kwa namba. Alikuwa akisema alivunja ungo mwaka ambao baba yake alikwenda Kongwa kung'oa visiki kwenye shamba la karanga la Wazungu, akarudi na blanketi na birika. Baba mkubwa, kifungua mimba wake, alizaliwa Wazungu wameshaondoka. Baba mdogo, kitinda mimba, alikuwa mgongoni siku nyumba yao ya tembe ilipobomolewa wahamie kijiji kipya. Fundi anataka maneno ya msalaba kabla ya Jumatano. Niandike mwaka gani?

La pili ndilo linaloninyima usingizi. Babu alikuwa na wake wawili. Mke mdogo alifariki mwaka uliofuata Uhuru, akaacha watoto wanne, wa mwisho ana wiki tatu. Bibi wakati huo alikuwa akimnyonyesha baba yangu. Akamchukua na yule mchanga, mmoja titi la kulia, mwingine titi la kushoto, na watoto wote wanne wakahamia kwake. Yule mchanga ndiye shangazi yangu. Miaka miwili ya mwisho, bibi miguu imegoma, shangazi ndiye aliyemwogesha na kuamka usiku kumgeuza ubavu ili asipate vidonda. Sasa baba mkubwa anasema wasifu utaje watoto sita wa tumbo lake, basi. Nifanyeje?

Mama wa Kongwa:
Pole sana mwanangu, Mungu amlaze mahali pema. Kwenye mwaka, bibi yenu amekuachia hesabu nzuri kuliko unavyodhani. Shamba la karanga la Kongwa lilianza 1947 na serikali ya Uingereza ikaliacha 1951. Mimi nimekulia huku, wazee wetu wote walikuwa wakipima mambo kwa shamba lile, "kabla ya matrekta" na "baada ya matrekta". Msichana wa wakati huo alivunja ungo akiwa na miaka kumi na minne, kumi na mitano. Ukiandika 1940 utakuwa umesema alivunja ungo ana miaka saba! Huyo ni wa 1932 au 1933. Na kuhamia kijiji kipya ni Operesheni Dodoma, 1971, kwa hiyo kitinda mimba alimpata akielekea miaka arobaini. Inakaa sawa kabisa.

Kuhusu shangazi yako, nimeisoma mara mbili hiyo sehemu ya maziwa. Usiiache nje.

Karani Mstaafu:
Ndugu, kabla hujampa fundi mwaka, nenda parokiani ukaombe daftari la ubatizo. Makanisa ya misheni ya zamani yalitunza vizuri, na mtu mzima akibatizwa waliandika umri wake wa kukadiria. Wengi hukosa majina kwa sababu wanatafuta jina la ndoa. Tafuta jina la baba yake na kijiji alichozaliwa. Halafu soma kwa masikio, maana majina ya Kigogo yaliandikwa kila mtu na herufi zake, leo C, kesho Ch.

Kijana wa Bahi:
Mimi nina mawazo tofauti. Baba mkubwa ndiye kichwa cha ukoo kwa sasa na ibada ni siku moja. Usije ukaharibu shughuli ya marehemu kwa ubishi. Andika "ameacha watoto, wajukuu na vitukuu wengi", usitaje idadi, maisha yaendelee.

Mjukuu wa Chamwino:
Kijana wa Bahi, nimelifikiria hilo. Lakini shangazi atakuwa amekaa mkeka wa mbele, na yeye atasikia kwamba tumeficha namba kwa ajili yake. Hajalalamika hata siku moja, ndiyo maana inaniuma. Niseme ukweli pia, baba mkubwa si mtu mbaya. Kuna ekari tatu za zabibu alizoacha bibi. Tangu serikali ihamie Dodoma bei ya ardhi imepanda, wapimaji wameshapita mara mbili, na anaogopa karatasi ikisema watoto kumi basi watarithi kumi.

Msuluhishi wa Kata:
Hapo ndipo penye fundo, na fundo hilo halifunguliwi na wasifu. Mwambie baba mkubwa kwa upole kwamba mirathi ina njia yake. Kikao cha ukoo kinakaa, kinapendekeza msimamizi, muhtasari unapelekwa Mahakama ya Mwanzo, na mwenye pingamizi anasikilizwa huko. Karatasi inayosomwa makaburini haigawi shamba. Usimwambie kwenye kundi la WhatsApp. Nenda jioni, uende na mzee wa kanisa anayemheshimu, umsomee rasimu yote kwa sauti. Kisha andika "alizaa sita na kulea wanne". Ni kweli na haimnyimi mtu.

Mama wa Kongwa:
Msuluhishi nakuunga mkono kote isipokuwa hilo neno "kulea". Aliyekunyonyesha si mlezi. Shangazi na baba yake huyu kijana wamenyonya ziwa moja, ukiwatenganisha kwa maneno mawili utamkata mama wa watu siku ya kumuaga mama yake. Mwanangu, andika hivi: "Aliitwa mama na watoto kumi." Hakuna atakayeweza kulibisha.

Kijana wa Bahi:
Hilo hata mimi nimelikubali.

Mjukuu wa Chamwino (mrejesho):
Wakuu, asanteni mno. Juzi nilikwenda parokiani. Tulifungua madaftari mawili bila kitu, la tatu tukamkuta, kwa jina la baba yake kama Karani alivyosema. Amebatizwa 1949, umri umeandikwa miaka 16. Msalabani inaandikwa 1933.

Jana jioni nikaenda kwa baba mkubwa na mzee wa kanisa. Suala la shamba amesema lisiguswe mpaka kikao cha ukoo, nikakubali. Nikasoma. Nilipofika kwenye titi la kulia na la kushoto alinyamaza muda mrefu, nikadhani nimekosea. Kisha akasema, "Hujaandika kata."

Sikujua habari hiyo. Akanisimulia kwamba miaka ya njaa bibi alipima unga wa uwele kwa kata moja ya kibuyu. Kila mtoto kata moja chunguni, anataja jina anapomimina, mkubwa hazidishiwi wala mdogo hapunguziwi. Ugali ukiiva anapakua, yeye anabaki na chungu anakwangua ukoko. Baba mkubwa akaanza kuyataja majina kwa mpangilio ule ule wa bibi. Alipofika la kumi, la shangazi, sauti ikamkauka.

Shangazi alikuwa jikoni anasikia. Akatoka na kata yenyewe. Imepasuka ukingoni na bibi aliishona kwa uzi wa katani, mishono saba, mdomo wake umekuwa laini kama ngozi kwa kushikwa. Baba mkubwa akaipokea kwa mikono miwili.

Sentensi ya Mama wa Kongwa imebaki kama ilivyo, na ya kata nimeiweka chini yake. Shangazi ameshaanza kutwanga mlenda wa Jumamosi.