Kima punju wakae shambani, gharama abebe nani?

Mwenye shamba, Pete: Naanzisha mjadala, tusitukanane. Nina shamba la urithi hapa kijijini Pete, kusini ya msitu wa Jozani, Unguja. Nikifika asubuhi nawakuta kima punju juu ya minazi, wanatafuna vidaka na makapi yananidondokea kichwani. Chini watalii wamenyoosha simu. Kiingilio wamelipa getini, na mwenye kufuga ni miye. Sehemu ya pesa za geti hurudi vijijini, sikatai. Lakini anayefaidi bomba la maji ni kijiji kizima, na anayeliwa ni mwenye shamba. Alipwe kwa kila kundi linaloshinda kwake. Nyinyi mwasemaje?

Mkaazi wa Mjini: Kwa vidaka hapo umeteleza, ndugu yangu. Watafiti walishaihesabu minazi ya huko miaka ya 1990, wakakuta kima hawapunguzi mavuno. Mnazi wenyewe si hupukutisha vidaka hata asipoukwea kima? Halafu kumbuka, hesabu iliyotangazwa 2017 ilipata kima kama 5,800 tu, na duniani hawana kwao pengine ila Unguja na vijisiwa vyake, ukiacha wachache waliopelekwa Ngezi, Pemba, miaka ya 1970.

Mwenye shamba, Pete: Haya, vidaka nimekuachia. Na machipukizi ya mwembe? Wakishayala, pamoja na majani ya mti wa mkungu, hushuka kutafuta mkaa, maana majani yale yana ukali na mkaa ndio dawa yao. Juzi mmoja kachukua kipande jikoni kwetu, kakaa ukutani anakitafuna kama bisikuti. Mke wangu alicheka. Mkaa wa kununua ule!

Dereva wa Makunduchi: Wazee walimwita punju, yaani sumu, wakisema mti anaokaa hufa. Leo ndiye anayetuletea wageni. Sie madereva tuliwagonga sana pale Jozani mpaka yalipowekwa matuta, na sikusikia dereva akidai fidia ya breki. Mkulima naye avumilie.

Mwenye shamba, Pete: Breki unakanyaga dakika moja, bwana, unapita zako. Miye nalala nao. Na nikiuza shamba kwa mjenzi wa hoteli akaikata miembe yote, hao kima watahamia kwako Mjini?

Mkaazi wa Mjini: Hilo la kuuza ndilo linalonitisha. Basi tuseme ulipwe: kwa kichwa cha kima, au kwa mti uliouacha umesimama? Miye nasema kwa mti.