Mjadala: Mkutano na maonyesho ya sekta ya bahari yafanyike kila mwaka, au tupumzike mwaka mmoja katikati?

Mshika Sukani: Waungwana, naomba tulijadili jambo hili bila kufichana. Mikutano ya kila mwaka ya sekta ya bahari inazidi kutanuka. Ule ulioanza kwa ukumbi mmoja na meza za kuhesabika sasa hukodi kumbi kadhaa, na nafasi ya banda bado hugombaniwa. Je, huku ni kunenepa au ni kuvimba? Wakongwe wa shughuli hii hawakutani kila mwaka: Posidonia ya Ugiriki, iliyoanza mwaka 1969, na SMM ya Hamburg hufanyika miaka ya shufwa, huku Nor-Shipping ya Norwei na Europort ya Rotterdam zikichukua miaka ya witiri. Meli ya mizigo yenyewe hukaguliwa sehemu yake ya chini mara mbili katika miaka 5, na mara nyingi hapo ndipo mwenye meli anapofungua mkoba kununua mitambo mipya. Basi anapoitwa ukumbini kila baada ya miezi 12, anaitwa kuona nini?

Nanga Nzito: Anaitwa kupokea kalamu na mfuko wa kitambaa, ndugu yangu. Ngoma ikilia sana hukaribia kupasuka, na hii imelia vya kutosha. Asubuhi ni hotuba za kupongezana, mchana ni picha za pamoja, na katikati yake wachuuzi wanakuvuta mkono kana kwamba uko gulioni mwao. Waandaaji huhesabu mita za mraba walizouza, kisha wakatangaza kwamba sekta imekua.

Farumi: Mimi ni mmoja wa hao unaowaita wachuuzi, na neno hilo sitaliacha lipite. Ninauza mitambo ya kusafisha maji ya farumi, yale yanayojazwa tumboni mwa meli ili isimame sawa inapokosa shehena. Mkataba wa kimataifa wa maji hayo ulipoanza kutumika mwaka 2004, ili viumbe wa bahari moja wasimwagwe katika bahari nyingine, wenye meli wengi hawakujua tofauti kati ya mtambo wa mionzi na ule wa klorini. Walielimishwa na nani, kama si sisi tuliosimama mabandani hadi nyayo zikawaka moto? Mchuuzi gani humweleza mteja kasoro za bidhaa yake, kwamba mionzi hudhoofika maji yakiwa na tope, na kwamba mtambo wa kutengeneza klorini hupata taabu maji yakikosa chumvi?

Binti Bahari: Kaka Farumi, mkataba huo ulipitishwa mwaka 2004, lakini ulianza kutumika tarehe 8 Septemba 2017, kwa sababu ulilazimika kusubiri mataifa 30 yenye asilimia 35 ya tani za meli za biashara duniani yauridhie. Ikiwa mnatoa elimu ukumbini, anzeni na tarehe.

Farumi: Nashukuru kwa tarehe, dada, ingawa sikujua kama nimeingia kwenye mtihani. Katika miaka hiyo 13 tulikuwa palepale tukijibu maswali, na hakuna aliyetuita wachuuzi alipohofia meli yake kuzuiliwa bandarini.

Wakala wa Meli: Niruhusuni nirudi kwenye swali. Mwaka 2018 Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, liliweka lengo la kupunguza gesi joto za meli kwa angalau nusu kufikia mwaka 2050. Julai 2023 lengo likawa sufuri halisi, yaani gesi inayotolewa isizidi inayoondolewa, mwaka huohuo wa 2050 au karibu yake. Katikati, tarehe 1 Januari 2020, kiwango cha juu cha salfa katika mafuta kilishushwa kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5. Anayeagiza meli leo anabahatisha kati ya methanoli, amonia na gesi asilia, kwa chombo kitakachofanya kazi miaka 20 au zaidi. Kwa mtu huyo miaka miwili ni mingi. Tena maonyesho ya kila mwaka si uzushi wetu; yale ya boti za kazi ya New Orleans hufanyika hivyo.

Injinia Mstaafu: Mimi naomba kurudi kwenye neno "wachuuzi", kwa sababu mchuuzi angalau humtazama mteja usoni. Nilifanya kazi katika chumba cha mashine miaka mingi, na nilipostaafu nikajilipia kiingilio katika maonyesho fulani. Kijana wa banda alisoma kitambulisho kifuani kwangu, akaona jina lisilo na kampuni, akamgeukia aliyekuwa nyuma yangu. Pampu aliyokuwa akiinadi nimeifungua na kuifunga usiku, meli ikienda mrama, mara nisizoweza kuzihesabu. Ningemwambia inaanza kuvujia wapi.

Binti Bahari: Hapo mzee amegusa kidonda. Mwaka 2020, wakati wa korona, mabaharia wapatao 400,000 walikwama melini ilhali mikataba yao imekwisha, na bado wenzetu walililia zaidi kumbi zilizofungwa. Mkutano unaokua bila baharia ndani yake umelemea upande mmoja, kama meli iliyopakiwa vibaya.

Nanga Nzito: Farumi, umeona? Hata mzee wetu anakubali kwamba ninyi ni wachuuzi.

Injinia Mstaafu: Sikusema hivyo, kijana. Nimesema mchuuzi ni afadhali.

Farumi: Mzee wangu, shikamoo, bandani kwangu ungepewa kiti. Na kwa kuwa hakuna aliyeniuliza, nitasema mwenyewe kwamba ningechagua kila baada ya miaka miwili. Mtambo wangu hauwezi kubadilishwa bila kupitia majaribio na idhini upya, kwa hiyo safari iliyopita kitu kipya nilichoonyesha kilikuwa rangi ya kabati lake. Nakodi banda kila mwaka kwa sababu mshindani wangu amekodi la jirani, na nikikosekana hapo wataanza kunong'ona kwamba nimefilisika.

Mshika Sukani: Hilo ndilo nililokuwa nikilitafuta tangu mwanzo. Nani mwingine hukodi kwa hofu ya jirani?

Nanga Nzito: Mimi bado nasubiri kuambiwa "mchuuzi" limekuwa tusi tangu lini. Bibi yangu alikuwa mchuuzi.