Mrejesho: Mama alifika mapango ya Dambulla

Wakuu, nashukuru sana. Niliuliza kama mama yangu, miaka 64 na magoti yanamsumbua, ataweza kupanda hadi hekalu la mapango la Dambulla kule Sri Lanka. Mlisema twende asubuhi na mapema, asiharakishwe. Tulifanya hivyo, na alifika.

Ni jabali moja kubwa, kama mita 160 kutoka uwandani, na ngazi zake hazilingani hata kidogo. Tulipumzika mara sita. Tumbili walimpokonya mama ndizi mkononi, kwa hiyo chakula kifichwe begini.

Juu viatu vinavuliwa, mabega na magoti yafunikwe. Aliyenishauri soksi, Mungu ambariki; jua likishapanda, jiwe la uani linaunguza nyayo.

Mapango ni matano. La kwanza lina Buddha aliyelala, mita 14 hivi, amechongwa kwenye mwamba wenyewe. La pili ndilo lililotushika: dari lote limechorwa, michoro inafuata mikunjo ya jiwe kama kitambaa kilichotandazwa, na maji yanadondoka kutoka juu yakikingwa chini. Inasimuliwa kwamba mfalme Valagamba alijificha humu alipopinduliwa, karne ya 1 kabla ya Kristo, na aliporudi madarakani akapafanya hekalu. Mama alikaa kimya pale karibu nusu saa.

Kushuka ndiko kulikomtesa zaidi. Bila fimbo asingeweza. Jioni nilimkanda magoti kwa maji ya moto. Kesho yake akaniuliza habari za Sigiriya, lile jabali tuliloliona kwa mbali.