Upinzani wakipata wabunge wengi, Spika anatoka wapi?

Mwalimu wa Mbagala:
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha Uraia kidato cha tatu, shule ya kata huku Mbagala. Alhamisi niliandika ubaoni kwamba Spika ni mbunge anayechaguliwa na wabunge wenzake. Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, siku upinzani wakiwa wengi bungeni na Rais ni wa chama kingine, Spika anakuwa nani? Na Waziri Mkuu je?" Darasa zima likanyamaza. Nikamwambia nitamjibu Jumatatu.

Usiku nikafungua Katiba, nikakuta hata nilichoandika ubaoni hakikuwa sawa. Ibara ya 84 inasema Spika anachaguliwa na wabunge, lakini anaweza kuwa mbunge au mtu yeyote mwenye sifa za kuwa mbunge. Hilo nitalisahihisha mbele yao.

Sasa naomba msaada kwa lililobaki. Sijauliza nani atashinda, tafadhali tusigeuze uzi huu kuwa wa vyama. Nataka utaratibu, na kama kuna mahali jambo hili limewahi kutokea. Kwetu tangu vyama vingi virudi mwaka 1992 hatujaliona bungeni, ndiyo maana hata vitabu vyangu havisemi kitu.

Karani Mstaafu:
Mwalimu, umefanya vizuri kurudi kwenye Katiba yenyewe. Mimi nimeandika mihtasari ya vikao vya madiwani hapa mjini mpaka nikastaafu, kwa hiyo nitakueleza kama mtu aliyezoea kuhesabu wajumbe.

Mfano wa Spika kutafutwa nje ya Bunge tunao. Mwaka 2015 upinzani walimsimamisha Goodluck Ole Medeye, ambaye wakati huo hakuwa mbunge. Job Ndugai alipata kura 254, yeye 109. Hakuna aliyemzuia kwa sababu hana jimbo, kura ndizo hazikutosha. Siku zikitosha, kambi yenye wingi inaweza kuleta hata jaji mstaafu au mwanasheria ambaye hajawahi kugombea ubunge, mradi awe na sifa. Waziri au naibu waziri haruhusiwi. Na kura ni ya siri, kwa hiyo mwenye wingi mwembamba asilale usingizi.

Ila wanafunzi wako wafundishe kwanza kuhesabu. Ukisikia chama fulani kimeshinda majimbo mengi, bado hujajua nani ana Bunge. Kuna viti maalum vya wanawake, vinavyogawanywa kwa uwiano wa kura kwa vyama vilivyofikisha angalau asilimia 5. Kuna wabunge 5 kutoka Baraza la Wawakilishi. Kuna Mwanasheria Mkuu. Kuna walioteuliwa na Rais, wasiozidi 10. Upinzani ukizidi kwa viti 6 au 7 vya majimbo, hao wa mwisho peke yao wanaweza kuamua Spika ni nani.

Hili nimeliona kwa macho yangu, si bungeni bali hapa hapa Dar. Baada ya uchaguzi wa 2015 upinzani walikuwa na wajumbe wengi kwenye Halmashauri ya Jiji. Kumpata Meya kukachukua miezi. Uchaguzi uliahirishwa zaidi ya mara moja, na ubishi mkubwa ulikuwa ni wajumbe gani wana haki ya kupiga kura. Machi 2016, pale ukumbi wa Karimjee, akachaguliwa Isaya Mwita, diwani wa Vijibweni. Nilikuwa nje siku ile, jua la utosini, watu wamejazana getini wakisubiri idadi tu. Jina la Meya lilikuwa linajulikana siku nyingi. Kilichogombewa ni daftari la wajumbe.

Mama Tabata:
Shikamoo mzee Karani. Nami niongezee kwa Mwalimu hapo kwenye Waziri Mkuu, maana binti kauliza mawili. Ibara ya 51: Rais anamteua mbunge wa kuchaguliwa wa jimbo, kutoka chama chenye wabunge wengi zaidi. Kama hakuna chama chenye wingi, basi yule anayeelekea kuungwa mkono na walio wengi. Halafu Bunge lenyewe limthibitishe kwa kura. Kwa hiyo Rais angelazimika kufanya kazi na Waziri Mkuu wa chama kingine. Huyo hawezi kutoka nje kama Spika, wala viti maalum. Ni wa jimbo tu.

Dereva wa Namanga:
Umeuliza kama limewahi kutokea. Kenya, Januari 2008. Nilikuwa nimekwama Nairobi na lori, barabara zimefungwa kwa vurugu za uchaguzi, tumejibanza gesti tunaangalia runinga. Rais Kibaki alikuwa ameshaapishwa, lakini ODM ya Raila ndiyo iliyokuwa na wabunge wengi kuliko chama kingine chochote. Tarehe 15 wakapiga kura ya Spika. Francis ole Kaparo alikuwa kwenye kiti hicho tangu 1993. Raundi mbili hazikutoa mshindi. Ya tatu, Kenneth Marende wa ODM 105, Kaparo 101. Kura nne, Mwalimu! Gesti nzima tulisimama, Watanzania na Wakenya. Marende alikuwa ametoka tu kushinda ubunge wa Emuhaya, ikabidi aliachie jimbo, uchaguzi mdogo ukafanyika.

Mwalimu wa Mbagala:
Shikamoo zote zimfikie mzee wetu, na asanteni nyote. Jumatatu nitafuta sentensi yangu ubaoni, kisha nitawagawa darasa makundi mawili na kuwapa hesabu ya Karani waifanye wenyewe, viti maalum na wateule humo humo. Ya Emuhaya nitamwachia yule binti awasomee wenzake. Mzee, swali la mwisho kabla sijaandaa somo: Naibu Spika naye anaweza kutoka nje?

Karani Mstaafu:
Hapana. Ibara ya 85, huyo ni lazima awe mbunge.