Naomba ushauri: Italia tofauti na Roma na Venice, twende wapi?

Habari zenu wakuu, mimi na waifu tunaishi Ujerumani, mwezi wa kumi tuna likizo tunataka kushuka Italia ila Roma, Florence na Venice hapana aisee, Venice tangu 2024 kuna siku ukienda kushinda tu bila kulala wanakutoza kiingilio kama unaenda kuangalia mpira, na ukishaingia ni kusukumana tu vichochoroni.

Mimi nimependa Matera kule kusini, nyumba zimechongwa kwenye mwamba, serikali iliwahamisha watu miaka ya 50 kwa sababu ya umaskini na magonjwa, leo mapango yaleyale ndo hoteli na bei zake sio za kitoto! Kufika unapanda katreni kadogo kutoka Bari. Waifu yeye kang'ang'ania mkoa wa Marche, hasa Ascoli Piceno, kisa zeituni, wanatoa kokwa wanajaza nyama ya kusaga halafu wanakaanga. Sasa sisi hatuli nguruwe na nasikia humo huwa wanachanganya, kuna zenye ng'ombe au kuku peke yake? Halafu anataka na Urbino alikozaliwa mchoraji Raffaello, treni haifiki, mpaka ushukie Pesaro upande basi, na hatuendeshi gari.

Tuna wiki moja tu. Waliofika, tugawe kusini na Marche au tuchague kumoja? Na hayo mabasi Jumapili yapo kweli? Milano msinitajie tafadhali.