Naomba ushauri: namba kamili kuvuka kikomo katika jenereta ya namba nasibu
Ndugu wataalamu, naomba msaada wenu. Ninaandika katika R (lugha ya programu ya takwimu) jenereta inayozidisha namba iliyotangulia kwa 16807, kisha kuchukua baki baada ya kugawanya kwa 2147483647. Mbegu (namba ya kuanzia) ikiwa 127773, zao ni 2147480811 na hesabu inapita. Nikiongeza moja tu kwenye mbegu, zao linavuka kikomo cha namba kamili za biti 32, napata onyo na NA (alama ya thamani iliyokosekana), na kuanzia hapo mfuatano wote unaharibika. Nimejaribu namba za desimali na NA zimetoweka, lakini sitaki kuyaamini matokeo kwa sababu tu onyo limenyamaza. Je, hesabu itabaki sahihi hadi tarakimu ya mwisho kwa kuwa kila zao liko chini ya 2^53 (kikomo ambacho namba za desimali huhifadhi namba kamili bila kukosea), au ni salama zaidi kutumia mbinu ya Schrage, inayogawanya kabla ya kuzidisha?