JUMUIYA MT. MARTIN: vyoo nani?

*Jumatatu*

18:42 Mama Neema Katibu: Tumsifu Yesu Kristo wanajumuiya. Nakumbusha kwa mara ya TATU. Jumamosi hii kabla ya Matawi usafi wa kanisa ni zamu yetu, ndani, uwanja na vyoo. Halafu paroko anataka watu wawili wa kuoshwa miguu Alhamisi Kuu. Orodha iko hapo juu ambaye hajajaza ajaze

18:44 Baba Kelvin: Milele amina. Kuoshwa miguu niandike mimi

18:44 Dada Stella: Na mimi 🙋🏾‍♀️ ila wanawake tunaruhusiwa?

18:47 Frank Boda: Papa Fransisko si alishabadilisha 2016, tena kwa maandishi. Yeye mwenyewe 2013 alienda jela ya vijana huko Roma akaosha mpaka wasichana mpaka waislamu

18:47 Dada Stella: Basi niandike

18:50 Mama Tumaini: Na mume wangu jamani hajawahi hata siku moja

19:03 Mama Neema Katibu: Miguu nina watano, wanatakiwa wawili. VYOO nina sifuri

19:04 Frank Boda: Kwa miguu ya Baba Kelvin paroko ataomba uhamisho 😂😂

19:05 Baba Kelvin: We Frank na hiyo ya kwako ya kandambili inataka stilwaya

19:05 Frank Boda: 😂😂😂 na sabuni ya mche

19:06 Mama Neema Katibu: JAMANI VYOO

19:11 Baba Kelvin: Mi Jumamosi niko Kariakoo dukani mpaka jioni, natoa elfu 10 atafutwe kijana adeki, na yeye si apate ya kula

19:12 Dada Stella: Na mi naongeza elfu 5 ya huyo kijana

19:20 Mama Neema Katibu: Paroko alisema wanajumuiya wenyewe, sio vibarua. Halafu somo wetu ni nani? Martin de Porres kule Lima alikuwa kinyozi, anauguza wagonjwa, anafagia nyumba ya watawa, mpaka leo kwenye picha kashika ufagio. Kafa 1639 utakatifu kutangazwa 1962, hakuwa anafagia ili aonekane. Kila tarehe 3 Novemba tunamchinjia mbuzi ila ufagio wake hatuutaki

19:24 Mama Joshua: Katibu samahani. Wewe ufagio umeushika lini

19:26 Mama Joshua: Maana kule hija Bagamoyo masufuria tulisugua mimi na Dada Pili mpaka saa tano usiku tunamulika na simu, masizi mpaka ndani ya kucha, wewe uko msalabani unapiga picha na kile kitenge, halafu kwenye ripoti ukasoma "kamati ilijitoa sana"

19:27 Mama Neema Katibu: Ya Bagamoyo tuliyamaliza mbele ya mwenyekiti

19:27 Mama Joshua: Mliyamaliza nyie

19:28 Frank Boda: Kitenge lakini kilikuwa kikali tuseme ukweli 😂

19:29 Mama Neema Katibu: *Ujumbe huu umefutwa*

19:30 Mama Tumaini: Nimeshausoma nusu 🙈

20:14 Mzee Katekista: Tumsifu Yesu Kristo wanangu. Nasoma taratibu, macho hayaruhusu. Pale mezani Bwana alikuwa na mitume kumi na wawili, wanaume wazima wenye nguvu zao, hakukosa wa kumtuma beseni. Aliweka vazi lake kando, akajifunga kitambaa, akawatawadha mmoja mmoja na Yuda akiwemo. Petro aliona aibu kuoshwa, akakataa. Ninyi mnagombea. Na mwaka jana niliwaona, mlikuja mmeshaoga, mmekata kucha na kupaka mafuta, paroko akapitisha maji tu. Yule mama yetu wa nyuma ya kisima ana mwezi wa tatu kitandani. Mjukuu wake wa darasa la nne ndiye anamgeuza, ndiye anafua mashuka. Nilikwenda Jumatano na mvua ile. Nilimkata kucha za miguu, zilikuwa zimepinda zinaingia nyamani. Akaniuliza, Katekista, jumuiya ilihama?

21:02 Mama Neema Katibu: Asante mzee wetu 🙏🏾

21:02 Baba Kelvin: 🙏🏾

21:05 Dada Pili: 🙏🏾

21:31 Mama Neema Katibu: Mama Joshua nimekupigia mara mbili hupokei. Haya naanza na jina langu, nakili ongeza tuma

VYOO
1. Mama Neema
2.
3.
4.

KWA MGONJWA
1.
2.

21:33 Frank Boda: Vyoo niweke namba 2, ila saa 12 asubuhi kabla sijaenda kijiweni

21:40 Dada Stella: Kwa mgonjwa Ijumaa nikitoka kazini, kama mwendokasi haitanitesa

21:44 Baba Kelvin: Nikifunga duka mapema nitapita. Ile elfu 10 inunue mashuka basi

21:44 Mama Neema Katibu: Utapita au hupiti nijue kuandika

*Jumanne*

06:11 Baba Tumaini: Milele amina, simu ilikuwa chaji. Hiyo ya kuoshwa miguu ni saa ngapi?

06:12 Frank Boda: 😂😂😂😂

06:15 Mama Neema Katibu: Baba Tumaini panda juu usome yote

06:20 Mama Neema Katibu: Na ndoo na mifagio ya jumuiya iko kwa nani?

07:48 Dada Pili: Kwa Mama Joshua tangu Bagamoyo

07:49 Mama Neema Katibu: @Mama Joshua